Uliza Fundi: Nani kapandisha mchango kwenye katiba ya ukoo?

SWALI: Fundi habari za kazi. Mimi ni katibu wa ukoo wetu, nyumbani ni Marangu ila nakaa Moshi mjini. Tunaandika katiba ya ukoo ili Desemba watu wakipanda nyumbani tuipitishe, rasimu nikaitaipu kwenye Word nikaitupa kwenye grupu la WhatsApp, kila mtu akaidaunlodi akarekebisha anavyojua akairudisha. Sasa hivi nina KATIBA FINAL, KATIBA FINAL MPYA, na KATIBA FINAL YA SHANGAZI, na kwenye mojawapo mchango wa mwaka wa kila kaya ulikuwa 20,000 nakuta umekuwa 50,000, hakuna anayekubali, na wengine wameanza kusema ni mimi. Kuna programu ya kunionyesha nani kafanya? Katibu, Moshi.

JIBU: Pole katibu, kazi ya ukoo haina mshahara ila lawama unapewa bure.

Nianze na baya: kwa mafaili yaliyokwisha kuzunguka, NINI kimebadilika utakijua, ila NANI ni ngumu. Fungua Word kwenye kompyuta (sio simu), nenda Review, halafu Compare, weka faili lako la kwanza kama original na la shangazi kama revised, itakutolea karatasi moja yenye kila neno lililoongezwa na lililofutwa. Kama huna Word, LibreOffice ni ya bure na inafanya hivyo hivyo, iko kwenye Edit, Track Changes, Compare Document. Ila usije ukaona jina pembeni ya yale mabadiliko ukakimbilia kwenye grupu kutangaza mwizi kapatikana, kwa sababu hilo jina linabandikwa kwenye mabadiliko yote wakati wa kulinganisha, halikuambii nani aliyeandika! Hata ukiangalia kwenye taarifa za faili nani kalisevu mwisho, utakuta jina lililosajiliwa kwenye hiyo Word, na kama mtu alirekebishia stesheneri hapo stendi basi litatokea jina la stesheneri. Ushahidi wa kumkalisha mtu kikao huo haupo, achana nao, rudisha 20,000 na hoja ya 50,000 iende kikaoni kama hoja.

Sasa ya mbele. Acha kutuma faili, tuma watu kwenye faili. Pandisha rasimu Google Drive, ifungue, kwenye File chagua Save as Google Docs, halafu bonyeza Share uweke imeili za ndugu mmoja mmoja. Hapa ndipo watu wengi wanapokosea, wanaweka linki ya wazi kila mwenye nayo aingie, matokeo yake asiyeingia na akaunti anaandika bila jina na mnarudi kule kule kwa nani kafanya. Ndugu wote wape haki ya Commenter, wewe na mwenyekiti tu ndio muwe Editor. Commenter akifuta neno halifutiki, linabaki limechorwa mstari kama pendekezo, na jina lake na saa viko pembeni, mpaka nyie wawili mkubali au mkatae. Mjomba akitaka 50,000 aandike, itaonekana kaandika mjomba saa nne usiku.

Wazee wasiotaka simu wasikusumbue. Mprintie babu nakala kwa maandishi makubwa, apige kalamu yake, wewe ukirudi mjini uingize kama pendekezo na uweke komenti kwamba ni ya babu, ukurasa fulani. Hiyo karatasi usiitupe.

Kila baada ya kikao nenda File, Version history, Name current version, andika kwa mfano "Baada ya kikao cha Pasaka". Mkiharibu unarudi kwenye toleo lile, na kurudi huko hakufuti yaliyofuata. Kama bando ni tatizo mkabaki na Word, basi washa Track Changes (inaweka alama kwenye kila kilichoongezwa au kufutwa) na uchague Lock Tracking uweke paswedi ili mtu asiizime kimya kimya, ila hapo faili liwe linapita kwa mtu mmoja mmoja kwa zamu, mkianza tena wote kwa pamoja mtapata FINAL YA SHANGAZI nyingine.

SWALI: Niko ofisi ya utalii Arusha. Tulimtumia mteja wa Ujerumani kwotesheni ya safari akajibu mbona bei ya zamani ilikuwa chini, na sisi tulishaifuta! Kaionaje? Msoma barua, Arusha.

JIBU: Mlikuwa mmewasha Track Changes, na nyie mkachagua No Markup mkadhani mabadiliko yameondoka. Ile inaficha tu machoni penu, mteja akifungua kwake akabonyeza All Markup anaona kila kitu. Msijione wajinga, Oktoba 2005 ripoti ya Umoja wa Mataifa kuhusu mauaji ya Rafik Hariri, aliyekuwa waziri mkuu wa Lebanon, ilitoka kwa Word na waandishi wa habari wakasoma majina ya wakubwa wa Syria yaliyokuwa yamefutwa.

Kabla ya kutuma, Review, Accept All Changes, futa komenti zote, halafu File, Info, Check for Issues, Inspect Document ikague kama kuna kilichobaki, ndipo utoe PDF. Msigeuze PDF kabla ya kukubali mabadiliko, maana ile mistari myekundu inaweza kuingia nayo. Na mteja wenu mjibuni leo, mwambieni bei ipi ndiyo yenyewe na kwa nini imepanda.