Anza na Kura, Katuni Baadaye: Kwa Wanaoanzisha Shindano la Vitu Linaloamuliwa na Watazamaji

Tarehe 1 Januari 2010 mapacha wawili wa Marekani, Cary na Michael Huang, walipandisha YouTube sehemu ya kwanza ya katuni ya mashindano iitwayo Battle for Dream Island. Vitu 20 vya kawaida vyenye mikono, miguu na uso vinashindania kisiwa, na watazamaji ndio wanaoamua nani aage mashindano. Mashabiki wameiga mtindo huo kwa miaka mingi, na mashindano yao mengi hukwama sehemu ya pili au ya tatu. Kinachoyakwamisha mara nyingi si uchoraji mbovu. Mtengenezaji huchora wahusika kwanza, akaandika visa, akarekodi sauti, na kura akaiacha iwe kitu cha kubandika mwishoni mwa video. Halafu kura inamtoa yule aliyebeba hadithi yote ya sehemu inayofuata, na kazi ya wiki tano inamwagika.

Kwa hiyo kabla hujachora jicho la mhusika wa kwanza, andika kanuni za kura kwenye ukurasa mmoja. Nani yuko hatarini, watazamaji wanapiga kura ya kumtoa au ya kumwokoa, dirisha la kura (muda wa kupiga kura) linafungwa lini, kura ipi inahesabika, na wawili wakilingana inakuwaje.

Swali la kutoa au kuokoa linaonekana dogo, lakini ndilo linaloamua msimu wako utakuwa na sura gani. Tuseme walio hatarini ni watano: Mshumaa, Betri, Sarafu, Kijiko na Kifutio. Zimepigwa kura 500 za kumtoa mtu, zikagawanyika hivi: Mshumaa 180, Betri 120, Sarafu 90, Kijiko 70, Kifutio 40. Mshumaa anatoka. Sasa wape watazamaji walewale kura ya kuokoa: Mshumaa 210, Betri 130, Kijiko 85, Sarafu 60, Kifutio 15. Anayetoka ni Kifutio, na Mshumaa ndiye anayeongoza. Hakuna aliyebadili mawazo. Mshumaa anapendwa sana na anachukiwa sana, na Kifutio hakuna anayemkumbuka.

Kura ya kutoa hukuondolea wahusika wenye makali mapema, ukabaki fainali na wapole wasiokosana na mtu. Kura ya kuokoa hukuondolea wakimya, ukabaki na vinara walewale sehemu zote, na mashabiki wao wakiwa wengi matokeo hutabirika. Kwa anayeanza tunapendekeza kura ya kutoa hadi wabaki 6, kisha kura ya kuokoa hadi mwisho. Tangaza badiliko hilo katika sehemu ya kwanza kabisa. Ukilitangaza katikati ya msimu utaonekana unamkinga mhusika unayempenda, hata kama huna nia hiyo.

Idadi ya wahusika nayo ni hesabu ya kura. Ukianza na 20 na kutoa mmoja kila sehemu, unahitaji kuwatoa 19 ndipo apatikane mshindi. Sehemu moja ya dakika 10 ikichukua wiki 6, hizo ni zaidi ya miaka miwili bila kupumzika. Anza na 12 katika timu mbili za 6. Timu inayoshindwa ndiyo inayoingia hatarini, hivyo mtazamaji anachagua kati ya majina 6 tu, na kura hazisambai ovyo.

Sasa tuje kwenye komenti, maana hapo ndipo wageni wengi wanapoumia.

Mpe kila aliye hatarini herufi yake, na uwaambie watazamaji waiandike ndani ya mabano ya mraba: [A], [B], [C]. Mabano si pambo. Mtu akiandika "Betri abaki, A atoke", mashine ya kuhesabu haiwezi kujua ipi ni kura na ipi ni herufi iliyomo tu kwenye sentensi, ila mabano hakuna anayeyaandika kwa bahati mbaya. Onyesha herufi kwenye skrini kwa sekunde 10 kamili, picha ya mhusika juu na herufi chini yake, kisha uzirudie kwenye maelezo ya video. Usitumie I na L pamoja, wala O pamoja na sifuri.

Kuhesabu kwa macho kunawezekana mpaka komenti 200 hivi. Zikizidi hapo utaruka nyingine na kuzirudia nyingine bila kujua. Andika msimbo mfupi (programu ndogo) kwa lugha ya Python unaosoma komenti kupitia API ya YouTube, yaani mlango ambao programu huutumia kuomba data. Ombi moja huleta komenti hadi 100 na hula yuniti 1, na mgao wa kawaida wa bure ni yuniti 10,000 kwa siku, kwa hiyo komenti 5,000 ni maombi 50 tu. Msimbo ukubali herufi ndogo na kubwa, na ukubali nafasi ndani ya mabano, kwa sababu wapo watakaoandika [ a ]. Hesabu komenti kuu peke yake, majibu yaliyo chini yake uyaache. Aliyeandika herufi mbili tofauti kwenye komenti moja, kura yake imeharibika. Aliyeandika komenti nne, hesabu ya kwanza, na umtambue kwa kitambulisho cha chaneli yake. Jina linaloonekana lisikuongoze, linaweza kubadilishwa wakati wowote.

Mambo mawili huharibu hesabu kimyakimya. La kwanza ni komenti zinazozuiliwa zisubiri ukaguzi. Kichujio cha YouTube hutilia shaka komenti fupi zinazofanana, na kura zako zote ni fupi na zinafanana. Komenti zilizozuiliwa hazimo kwenye orodha ya kawaida ya API, hivyo msimbo utakuletea jumla nzuri isiyo kamili na haitakuonya. Ingia YouTube Studio kila siku dirisha likiwa wazi, uziachilie zilizo halali. La pili ni kuhariri. Mtu anaweza kurudi baada ya dirisha kufungwa akageuza [B] kuwa [D], na API itakuonyesha maandishi ya sasa tu. Dawa yake ni kupakua komenti zote dakika ileile dirisha linapofungwa na kuhesabu kutoka kwenye faili hilo. Weka muda wa kufunga kwa mtindo wa saa 24, mfano 18:00 UTC (saa ya kimataifa). Ukiandika "saa 12" tu, kila msomaji ataisoma kivyake na utapata ugomvi wa bure.

Vitufe vya kupenda na kutopenda havifai tena kwa kura ya hadharani, kwani tangu Novemba 2021 idadi ya kutopenda haionekani kwa watazamaji na hakuna anayeweza kukuhakiki. Fomu ya Google ni nzuri ukitaka usahihi. Ukiwasha jibu moja kwa kila mtu, lazima mpigaji aingie kwa akaunti, na kura za kurudia hupungua sana. Hasara yake ni kwamba mtazamaji anatoka kwenye video, na wengi hawafiki huko.

Kuna jambo la kisheria ambalo halina mjadala. Tangu Januari 2020 kila anayepandisha video YouTube lazima aseme kama imetengenezwa kwa ajili ya watoto, na video iliyowekewa alama hiyo hufungiwa komenti. Katuni za vijiko vinavyoongea huvutia watoto, hilo halifichiki. Kama kweli unawalenga watoto, weka alama, kisha amua matokeo kwa njia nyingine, kwa mfano pointi za mashindano yenyewe. Usidanganye kwenye alama ili tu uokoe kura. Kama unawalenga vijana na wakubwa, lugha, utani na mada zako zionyeshe hivyo tangu mwanzo.

Tukirudi kwenye uandishi: hadithi ya shindano la kura huandikwa kwa nafasi, majina hujazwa baadaye. Usiandike "Mshumaa anaanguka mtoni, Betri anamvuta". Andika "anayekosea kwanza anaanguka, anayemdharau anamvuta", kisha ujaze majina kura ikishahesabiwa. Unaweza kuwa na mswada wa sehemu inayofuata tayari kwa sehemu kubwa wakati dirisha bado liko wazi, ikabaki kazi ya kugawa mistari kwa wahusika tu. Hafla ya kumuaga anayetoka, ambayo kwa kawaida ni sekunde 60 hadi 90, iwe mwanzoni mwa sehemu inayofuata na ichorwe mwisho. Sauti yake rekodi mapema: kila aliye hatarini asome mstari wake wa kuaga mara mbili, nawe utatumia wa mmoja. Mingine ihifadhi, zamu yao nao itafika.

Waigizaji wa sauti wa kujitolea hupotea. Simu huharibika, mitihani huja, wengine huchoka bila kuaga. Kwa hiyo siku ya kwanza kabisa, kabla ya mswada wowote, kila mmoja arekodi furushi la dharura: kucheka, kushtuka, kulia, kupiga kelele kwa sekunde 3, kushangilia, "ndiyo", "hapana", "si mimi", na majina ya washindani wote. Mhusika mwenye furushi hilo anaweza kuvushwa sehemu mbili nzima bila mwenye sauti kuonekana. Faili ziwe WAV, 48 kHz, kilele kati ya -12 na -6 dB, na mwanzoni ziachwe sekunde 2 za kimya ili Audacity, programu ya kuhariri sauti, ipate sampuli ya mvumo wa chumba. Wakatalie kabisa kukutumia sauti kama ujumbe wa sauti wa WhatsApp. Imebanwa mno, na ukiikuza inakwaruza. Jina la faili libebe kila kitu: s01_03_betri_014_b.wav ni msimu, sehemu, mhusika, mstari na jaribio. Mwigizaji akiwa chini ya umri wa utu uzima, mzazi au mlezi akubali kwanza.

Kwenye uchorwaji wenyewe tutakuwa wafupi, kwani somo hilo limefundishwa sana. Mwili wa kitu ni mgumu, haupindi, na ndiyo maana mtindo huu unamfaa anayeanza: hisia zote ziko usoni na mikononi. Kwa fremu 24 kwa sekunde, dakika 10 ni fremu 14,400. Ukibadilisha picha kila baada ya fremu 2 unabaki na 7,200, na nyingi kati ya hizo ni mwili uleule uliohamishwa. Mikono na miguu iwe kwenye leya zake, yaani tabaka za mchoro zilizotengwa. Kosa linaloonekana hata kwa asiyejua katuni ni unene wa mistari. Mkono uliochorwa kwa pikseli 5, ukimkuza mhusika mara mbili kwa picha ya karibu, unakuwa pikseli 10, na anayesimama pembeni yake bado ana 5. Ama uchore toleo la karibu pekee, ama uizuie programu isikuze mstari pamoja na umbo. Krita, OpenToonz na Blender ni za bure na zinatosha.

Midomo, hata hivyo, inahitaji umakini zaidi kwa Kiswahili. Maumbo 6 ya mdomo ya msingi na 3 ya ziada yanatosha kabisa. Lakini maneno yetu mengi huanza na midomo iliyofungwa: mtu, mbele, mpira, mbona. Ukiruka umbo la mdomo uliofungwa, mhusika ataonekana anatafuna. Programu ya bure ya Rhubarb Lip Sync hupanga midomo yenyewe kutoka kwenye sauti, ila kisikizi chake cha kawaida kimefundishwa Kiingereza. Chagua kile kinachoitwa phonetic, ambacho husikiliza milio bila kutafuta maneno. Baada ya hapo pitia mwenyewe: umbo lolote lisikae chini ya fremu 2, na mdomo utangulie sauti kwa fremu 1.

Wahusika wawe wako. Ukitumia wahusika wa mtu mwingine, soma kwanza masharti aliyoyaweka kwa mashabiki, hasa kuhusu kuingiza pesa. Hata anayeruhusu leo anaweza kubadili kesho, na msimu mzima ukawa mikononi mwake.

Kila matokeo yatoke na idadi kamili ya kila mshindani pamoja na kura zilizoharibika, na faili la komenti ulihifadhi hadi msimu uishe. Ukigundua umekosea hesabu baada ya mtu kutoka, liseme siku hiyohiyo kwenye komenti iliyobandikwa juu, weka hesabu sahihi, mrudishe aliyeonewa katika sehemu inayofuata na umwache yule aliyestahili kutoka abaki. Sehemu itakayofuata hiyo, toa wawili, ili ratiba irudi mahali pake.