Hizo piritoni za Jumamosi zirudishe ulikozinunua

Mleta uzi, salamu baadaye. Umeandika kwamba bia moja tu uso unapata moto, moyo unadunda na ngozi inawasha, wakati wenzako hapo Sinza wanamaliza kreti huku wanapiga soga. Umeuliza kwa nini, umeuliza bia ipi laini, umeuliza ule nini kwanza. Halafu mwishoni, kama mtu anayeulizia bei ya nyanya, ukasema Jumamosi kwenye sendofu utatanguliza piritoni mbili, vile vidonge vya mzio na mafua, "ili mwili utulie", kuna mtu kakushauri. Hapo ndipo nimesukuma sahani yangu pembeni.

Mimi nilizimeza. Nilikuwa mweka hazina wa kamati ya harusi ya binamu yangu, na kamati za Dar mnajua zinakalia wapi: baa, meza ya nyuma, jirani na jiko la kitimoto. Kila kikao nachekwa na soda yangu. Akajitokeza mjumbe mmoja, wale wenye jibu la kila ugonjwa mpaka wa kuku, akasema pombe ni mazoea, we meza piritoni unywe kama watu. Dada wa duka la dawa naye akanihesabia vidonge bila kuuliza naumwa nini, macho yote kwenye simu.

Bia ya kwanza, hakuna muwasho. Ya pili, hakuna muwasho. Nikajiona nimeshakuwa dume. Ya tatu sijui nani aliilipia.

Nimeamka nyumbani Tabata, viatu mguuni, wife kakaa pembeni ya kitanda hasemi kitu. Bahasha ya michango haipo. Milioni moja na laki mbili, hela ya mapambo na MC. Wajumbe wanasema walinipakia kwenye bajaji nikiwa nimeikumbatia. Dereva wa bajaji hakuna aliyemkumbuka sura. Na asubuhi hiyo wa kwanza kuandika kwenye grupu, "Mweka hazina, tunaomba mahesabu", ni nani? Daktari wangu wa piritoni! Yule bwana nikikutana naye hata leo navuka barabara, kwa usalama wake.

Ilibidi nikakope kausha damu. Kama huujui mkopo huo, endelea hivyohivyo. Bwana harusi ameshapata mtoto na mimi bado napeleka marejesho.

Daktari wa kweli nilimwona baadaye sana, na aliyoniambia yalikuwa mepesi tu. Piritoni yenyewe inaleta usingizi, pombe nayo inapooza ubongo, ukizikutanisha zinaongezeana nguvu. Mtu anaweza kulala asiamke hata akitapika, na hapo bahasha ndiyo hasara ndogo. Muwasho kweli unapungua, ila pombe iko palepale, wewe umejinyima taarifa tu.

Kuhusu kwa nini wewe na si wao: ini linaigeuza pombe kwanza kuwa kitu kinaitwa asetaldehidi, ambacho ni sumu, halafu kimeng'enya kingine, yaani kichocheo cha mwili kinachogeuza kitu kuwa kingine, kinakibadilisha kiwe kitu kisicho na madhara. Wapo watu wamezaliwa na hicho kimeng'enya cha pili dhaifu, hasa Wachina, Wajapani na Wakorea wengi, sumu inarundikana, moyo unakimbia, uso unaiva. Tena ukiwa hivyo na ukalazimisha kunywa, hatari ya saratani ya koo la chakula inapanda. Kuna dawa inaitwa disulfiramu wanapewa watu wanaotaka kuacha pombe, kazi yake ni kukizuia kimeng'enya hichohicho ili wakionja waone cha moto. Yaani mateso ambayo wenzako wanaandikiwa na daktari, wewe unayapata bure, halafu unatafuta dawa ya kuyaondoa! Kwa wengine tatizo ni shayiri au ngano iliyomo kwenye bia, na hilo kipimo cha mzio kinaweza kulionyesha.

Huyo wa kreti naye asikubabaishe. Ubongo wake umezoea kwa hiyo hapepesuki, ila pombe kwenye damu yake ni ileile na ini linapigika. Na msihesabu chupa: bia ya mililita 500 yenye asilimia 5 ina mililita 25 za pombe tupu. Kichupa cha mililita 200 cha pombe kali ya asilimia 35 kina 70. Karibu bia tatu mfukoni mwa shati. Wembamba, na akina dada kwa kuwa miili yao ina maji kidogo, inawapanda zaidi kwa kipimo kilekile. Kula kwanza kunaichelewesha kuingia, ila hakuizuii.

Kwa hiyo narudia: mwili ukikataa, usiutafutie kidonge cha kuunyamazisha. Si piritoni, si ndugu zake. Ukiona midomo inavimba au pumzi inabana, ondoka baa kimbilia hospitali, usije kutuuliza huku.

Jumamosi agiza tangawizi ya baridi. Watakucheka, wacheke. Mimi ukoo mzima wananiita Kaka Piritoni, hata kwenye kadi za mialiko, na hela za watu sishikishwi tena. Kwa kweli nimepumzika.