"Security" kwenye fomu ya mkopo ni nini?

Dada usiogope. Umeuliza mbona fomu ya mkopo inataka ujaze "security" wakati duka lako halina hata mlinzi. Hapo hawaulizi habari za mlinzi kabisa, wanataka dhamana, yani kitu watakachokamata ukishindwa kurejesha, iwe kiwanja, bodaboda au friji la dukani. Kwa hiyo usiandike kitu ambacho hauko tayari kukipoteza, na kama ni nyumba unayoishi na mumeo basi Sheria ya Ardhi ya Tanzania ya 1999 inataka na yeye akubali, afisa mkopo akikwambia we saini tu haina shida, usisaini. Angalia pia wametaja mali yenyewe ni ipi na namba ya hati, maana kuna fomu zinaandika "mali zote za mkopaji" na hiyo ni hatari sana jamani.

Pale kwenye "social security" wanataka namba yako ya NSSF, yani ule mfuko wa hifadhi ya jamii, kama hujajiunga waambie hivyo hivyo.

Na ile "securities" yenye s mwishoni ni hisa na hati fungani (yani hati za kuonyesha umekopesha serikali au kampuni), kama zile za serikali zinazouzwa na Benki Kuu. Kama unazo, unaweza kuziweka dhamana, na mi naona afadhali hizo kuliko nyumba ya watoto.

Omba nakala uende nayo nyumbani muisome wote wawili, na ukimaliza deni dai hati yako na barua ya kumaliza mkopo.