Namba kubwa si anga jeupe

Nilipoanza kupima mionzi ya jua Dodoma nilikuwa na kanuni yangu ya kienyeji: kipimo kikivuka wati 1,100 kwa mita ya mraba, naandika "anga jeupe", yaani anga lisilo na mawingu. Kumbe nilikuwa nakusanya siku za mawingu! Wingu jeupe likikaa pembeni ya jua bila kulifunika, huakisi mwanga wa ziada kwenye kifaa, na namba inaruka juu kuliko jua lenyewe linavyoweza kutoa peke yake.

Siku hizi naangalia kwanza umbo la grafu ya vipimo vya siku nzima. Anga likiwa jeupe kweli, mstari unapanda na kushuka taratibu kama mgongo wa kilima. Ukiona meno ya msumeno, hayo ni mawingu. Watafiti Reno na Hansen waliipa hoja hii vipimo mwaka 2016: katika kila kipande cha dakika chache, linganisha wastani, kilele, urefu wa mstari na mabadiliko yake na vile vya modeli, yaani hesabu inayokadiria mionzi ya siku isiyo na mawingu. Kimoja kisipolingana, kipande hicho si cheupe.

Kwa modeli, anza na ya Haurwitz ya miaka ya 1940. Inahitaji kitu kimoja tu, yaani pembe ya jua kutoka utosini (z): 1,098 × cos z × e^(−0.059/cos z). Jua la utosi linakupa kama wati 1,035 kwa mita ya mraba. Kwenye nyuzi 60, kama 488.

Hapo ndipo saa iliponiumbua. Asubuhi zote zilionekana na mawingu, na alasiri kipimo kikaishinda modeli, siku baada ya siku. Nilishalaumu kifaa, nikalaumu na fundi. Kosa lilikuwa langu: nilidhani jua linafika kileleni saa sita kamili. Saa zetu zinafuata longitudo ya nyuzi 45 mashariki, na Dodoma iko karibu 35.7, kwa hiyo kilele huchelewa kwa wastani wa dakika 37. Katikati ya Februari ni kama dakika 51, mwanzoni mwa Novemba kama 21. Rekebisha hilo kabla hujagusa kitu kingine.

Je, mstari ukiwa laini lakini uko chini ya modeli kutwa nzima? Kiangazi inaweza kuwa moshi wa mashamba yanayochomwa, ambao Haurwitz haujui. Ila panda juu ya paa na kitambaa laini kwanza, ufute kioo cha kifaa, kisha soma namba tena papo hapo. Mimi mara nyingi nimeshuka na kitambaa chekundu kwa vumbi.