Maswali ya Wasomaji: Daftari la Kifua Kikuu Lisomwe na Aliyeliandika

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni muuguzi wa kliniki ya kifua kikuu katika zahanati moja ya Mbagala. Kila robo mwaka tunajumlisha hesabu za daftari na kumkabidhi mratibu wa wilaya. Hivi karibuni tuliambiwa tufanye utafiti wa kiutendaji, nami nilidhani utafiti ni kazi ya vyuo vikuu. Tuko wawili tu, na foleni huanza asubuhi na mapema. Muda tutaupata wapi, na mgonjwa wangu atafaidika na nini?

JIBU: Ndugu Muuguzi, hofu yako kuhusu muda ni ya haki, kwa hiyo nitaanza na kazi inayoweza kumalizika mchana mmoja. Chukua daftari la maabara linaloandikwa majibu ya makohozi, uliweke kando ya daftari la walioanza dawa, kisha ulinganishe majina ya miezi mitatu iliyopita, moja baada ya jingine. Kila aliyekutwa na vimelea maabara lakini hayumo katika daftari la matibabu huenda hadi leo anakohoa nyumbani, chumba kimoja na watoto wake. Ukijiuliza ni wangapi wamepotelea hapo katikati, ukatafuta sababu, ukarekebisha jambo moja na kuhesabu tena baada ya robo mwaka nyingine, umeshafanya utafiti wa kiutendaji.

Sababu mara nyingi huonekana katika mistari ileile ya daftari. Anwani imeandikwa "Mbagala" pekee, bila mtaa, bila jina la mjumbe wala namba ya simu; au majibu yalitoka Ijumaa jioni, na mgonjwa aliyekwisha kulipa nauli ya daladala mara mbili hakuweza kurudi mara ya tatu. Dawa za kumponya kwa miezi 6 zimo kabatini mwako, naye hajazifikia.

Nauli hiyo ina historia yake. Kwa miaka mingi mgonjwa alitakiwa kutoa sampuli tatu za makohozi, mpaka watafiti wa nchi mbalimbali walipokusanya hesabu na kuona kwamba sampuli ya tatu iliongeza wagonjwa wachache sana, huku ikiwachosha watu na maabara. Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani likapendekeza sampuli mbili pale ambapo maabara inafanya kazi kwa ubora unaotakiwa. Swali lilikuwa dogo, na wengi wakaondolewa mzigo.

Nchi yetu nayo ina sehemu kubwa katika habari hii. Mpango wa Taifa wa Kudhibiti Kifua Kikuu na Ukoma ulianzishwa mwaka 1977, na Dk. Karel Styblo, mtaalamu wa kifua kikuu kutoka Ulaya, akifanya kazi na Watanzania, alisaidia kuujengea utaratibu wa kuwafuatilia wagonjwa kwa makundi: walioandikishwa katika robo mwaka moja huhesabiwa pamoja, wangapi wamepona, wangapi wameacha dawa, wangapi wamefariki. Utaratibu huo, ambao ndio unaoujaza wewe, ulikuwa miongoni mwa misingi ya mkakati wa kudhibiti kifua kikuu (DOTS) ulioenezwa duniani katika miaka ya 1990. Inaniuma kuona daftari lenye asili hiyo likigeuzwa karatasi za kutuma wilayani tu.

SWALI: Je, tunahitaji kibali, na hesabu zikionyesha upungufu wetu itakuwaje? (Mtaalamu wa maabara, Temeke)

JIBU: Kulinganisha madaftari ili kuwarudisha wagonjwa wenu ni sehemu ya kazi yenu ya kila siku. Mkikusudia kuchapisha matokeo, mtahitaji kibali cha maadili ya utafiti, na majina ya wagonjwa hayatatoka kituoni. Kuhusu upungufu, mwonyesheni mratibu swali lenu kabla ya kuanza kuhesabu, kwa kuwa aliyeshiriki kuuliza hapokei majibu kama mashtaka, na ndiye mwenye uwezo wa kuwapangia usafiri wa kuwafuata waliopotea. Siku ya kulinganisha, mtu wa maabara na muuguzi wakae meza moja: majina mengi huandikwa kwa namna mbili, na Mwanahamisi wa maabara anaweza kuwa ndiye Mwanaamisi wa kliniki, ambaye tayari yuko katika mwezi wake wa pili wa dawa.