Je, kubadili kiongozi kunaweza kuamua vita?

Ndugu, umeuliza kama insha yako iseme Urusi ilishindwa Vita Kuu ya Kwanza kwa udhaifu wa jeshi au kwa mapinduzi ya 1917. Usichague kimoja, onyesha kilivyozaa kingine. Mwaka 1915 jeshi lilipungukiwa hata bunduki na makombora. Mfalme Nicholas wa Pili akajitwika mwenyewe ukamanda mkuu, na tangu hapo kila kipigo kikahesabiwa juu yake. Machi 1917 akang'oka. Serikali ya Muda iliyomrithi iling'ang'ania vita, na kwa maoni yangu hapo ndipo ilipojimaliza: mashambulizi yake ya Julai yalisambaratika, askari wakazidi kutoroka. Novemba Lenin, kiongozi wa Wabolsheviki, akashika madaraka. Machi 1918 serikali yake ikakubali masharti machungu ya Brest-Litovsk, mkataba wa amani na Ujerumani na washirika wake ulioitoa Urusi vitani.

Weka pia mfano wa 1762. Katika Vita vya Miaka Saba, Prussia, dola la Wajerumani, ilikuwa hoi ikipigana na Urusi na wengine, lakini Malkia Elizabeth wa Urusi akafa, na mrithi wake, Peter wa Tatu, aliyemhusudu Mfalme Frederick wa Prussia, akafanya amani. Hapo kiongozi aliyebadilika ni wa adui.

Angalia tarehe zako: vitabu vingine huandika Februari na Oktoba 1917 badala ya Machi na Novemba, kwa kalenda ya zamani ya Urusi.