Kabla droni yako haijavuka Sirari

Harusi za kanda hii hazijui mpaka. Bwana harusi ni wa Musoma, bibi harusi kwao Migori, mashangazi wako Kisumu na Bukoba, na wote wanataka picha za juu: msafara wa magari, hema, ziwa likionekana kwa nyuma. Wapiga picha wenzangu wa Mwanza huniuliza mara kwa mara, "Kaka, droni yangu ina cheti cha TCAA, navuka nayo tu?" Hapana. Cheti kile kinaishia mpakani.

Hapa kwetu Tanzania kanuni za mwaka 2018 zinataka droni isajiliwe na Mamlaka ya Usafiri wa Anga (TCAA), na Wizara ya Ulinzi nayo iwe imetoa kibali chake. Ukitaka kurusha kisiwa cha Saanane, ambako kutoka mjini ni mwendo mfupi wa boti, bado unahitaji ruhusa ya TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, maana ni hifadhi ya taifa. Ukishavuka mpaka wa Sirari kuingia Kenya, anga ni ya KCAA, mamlaka ya anga ya huko. Kanuni zao ni za mwaka 2020, na wanataka uwe na ruhusa ya kuingiza droni kabla hujafika forodhani. Kwa wanaopitia mpaka wa Mutukula, Uganda nako mambo ya ulinzi yanahusika. Kwamba sote ni Afrika Mashariki haisaidii kitu hapo.

Wapo wanaokasirika. Mimi nawaelewa maofisa: mbele yao kuna kamera inayoruka, na mwenye kamera hawamjui. Misri huwezi kuirusha bila idhini ya Wizara ya Ulinzi. Morocco mtalii akishuka nayo, inazuiliwa uwanjani. India ilipiga marufuku kuingiza droni zilizotengenezwa nje mwaka 2022. Kwa hiyo swali la kwanza, kabla ya tiketi na kabla ya kumtajia mteja bei, ni hili: inaruhusiwa kuingia? Andika barua pepe kwa mamlaka ya anga ya nchi unayokwenda. Taja aina ya droni, namba yake, uzito, mahali utakaporusha, tarehe, na kama unalipwa au la. Majibu yakija, yachapishe kwenye karatasi. Simu huzima chaji mahali ambapo hakuna wa kukusaidia.

Hilo la kulipwa lina uzito kuliko wengi wanavyodhani. Anayejirushia kwa burudani na anayefanya kazi ya mteja hawapimwi kwa masharti yaleyale. Ndiyo sababu kazi za upande wa Kenya sivuki na droni kabisa. Navuka na kamera ya chini, na picha za juu anapiga mwenyeji mwenye leseni ya huko. Tunakaa pamoja siku moja kabla, namwonesha pembe ninazotaka, tunakubaliana. Mteja anaelezwa gharama hiyo tangu mwanzo, na anaielewa. Kwa kazi ya siku mbili tatu, hiyo ndiyo njia ninayomshauri kila mtu.

Ulaya ni afadhali kidogo. Unajisajili katika nchi ya kwanza ya Umoja wa Ulaya utakayorushia, na namba hiyo inatambulika katika nchi nyingine zote za umoja. Unaibandika kwenye droni, na huruhusiwi kupanda zaidi ya mita 120 kutoka ardhini. Uingereza imeshajitoa, ina usajili wake. Lakini droni ndogo ya gramu 249 isikudanganye! Marekani, droni ya chini ya gramu 250 inayorushwa kwa burudani haisajiliwi, ila jaribio lao la usalama la mtandaoni, ambalo ni bure, unalifanya. Ulaya droni hiyohiyo, kwa kuwa ina kamera, mwenyewe lazima ajisajili.

Betri zisiingie kabisa kwenye begi linalokwenda tumboni mwa ndege. Zinakaa na wewe, kila moja kwenye mfuko wake, ncha zake za umeme zimefunikwa kwa tepu. Kikomo cha kawaida ni Wh (wati-saa, kipimo cha nishati) 100 kwa betri. Ikizidi hapo hadi 160, omba idhini ya shirika la ndege, na hazizidi mbili. Kama betri haikuandikwa Wh, zidisha volti kwa mAh (uwezo wa betri ulioandikwa juu yake) kisha gawanya kwa 1,000: volti 15.4 na mAh 5,000 ni Wh 77, unapita.

Jambo la mwisho ni la kurudi nyumbani. Unapotoka Tanzania, ioneshe droni forodhani pamoja na risiti ya ununuzi na cheti chake, uombe waandike namba yake. Bila karatasi hiyo, siku ya kurudi ni neno lako tu kwamba hukuinunua huko, na ushuru wa kifaa cha bei ile si mdogo.